Okidi za Bafuni

Katika nyumba ile mtu hakuoga apendavyo. Alioga maji ya moto hata kama jua linachoma utosi, mlango ameufunga mpaka umelia ka!, na akimaliza hakuruhusiwa kutoka mpaka mvuke utulie. Sabuni ikimwingia jichoni, shauri lake. Ikiruka ikafika dirishani, hiyo ilikuwa kesi, maana dirishani, juu ya ubao aliougongomea Fundi Saa kwa mkono wake mwenyewe, ndiko zilikokaa okidi.

Usidhani ni yale maua makubwa yanayouzwa yamefungwa utepe. Hizi zilikuwa okidi ndogo, za kutosha ndani ya kifuniko cha chupa, na ua la iliyo kubwa kuliko zote lingeweza kujificha nyuma ya punje ya mchele. Fundi Saa alizitazama kwa ile lenzi yake ya kubana jichoni, iliyokuwa imechungulia matumbo ya saa za mtaa mzima kabla watu hawajaanza kutazama saa kwenye simu. Duka lilifungwa, lenzi ikabaki. Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ndiyo iliyowasha jiko siku hizi. Watu walipomuuliza kama hachoki na mume wa kushinda bafuni, alijibu kwamba ni heri anayechungulia maua kuliko anayechungulia wake za watu.

Okidi nyingi alizizidisha kwa kugawa. Mmea ukishakuwa kichaka, aliutenganisha kwa wembe, akafunga kila kipande kwa uzi kwenye gome la mti, akakinyunyizia maji mpaka kikashika mizizi. Mmoja tu ndio uliomshinda. Ulikuwa na majani manne mafupi na ua jekundu lenye ndevu, na aliachiwa dukani na mteja, ukiwa ndani ya kikopo chake, pamoja na saa ambayo mteja mwenyewe hakurudi kuichukua. Ule haukutoa chipukizi hata la dawa. Msusi aliupa jina la Mke Mwenza, kwa sababu, alisema, ndiye pekee anayeamkiwa kabla yake.

Basi Fundi Saa alimchavusha Mke Mwenza kwa kijiti cha meno, akiwa ameshika pumzi. Mke Mwenza akashika mimba, akatoa kitunda kimoja kirefu kama njiti ya kiberiti, na kadiri kitunda kilivyokua ndivyo mama mtu alivyonyauka. Majani yakawa manjano. Ilionekana wazi kwamba akishazaa atakwenda. Fundi Saa alitaka jambo moja tu duniani: aoteshe mtoto wa Mke Mwenza kabla Mke Mwenza hajafa. Mtu ambaye kazi yake imefia mikononi mwake huwa na hamu ya kuona kitu kikizaliwa humo humo.

Kitunda kilipasuka asubuhi ya siku waliyokuja wakwe.

*

"Nipe presha," Fundi Saa alisema mlangoni pa jikoni, nywele zimemsimama.

"Presha unayo tayari," Msusi alijibu bila kugeuka. "Unataka ya nini nyingine?"

"Sufuria! Sufuria ya presha. Kitunda kimepasuka. Nichemshe chupa zangu, nipande leo leo."

"Sufuria ina nyama ya wageni."

"Itoe."

"Niitoe niipeleke wapi? Niwaambie wakwe nyama imepisha maua?"

Fundi Saa alijua mkewe ana haki, na ndiyo maana alizidi kukasirika. Mbegu za okidi ni laini kuliko unga, hazina akiba yoyote ya chakula tumboni. Mtu hupanda kwenye chupa yenye rojo ya ndizi na sukari iliyogandishwa, na chupa hiyo lazima ichemshwe kwa presha mpaka asibaki mdudu wala ukungu. Bila hivyo, ukungu hula karamu na mbegu hufa kwa njaa.

"Baba." Binti yao aliingia akiwa na nguo mpya na wasiwasi wa zamani. Alifundisha chekechea, na hata nyumbani walimwita Mwalimu. "Hizo mbegu si zimekaa miezi yote hiyo? Haziwezi kusubiri mpaka jioni?"

"Zinaweza," alikiri.

"Basi zikae. Na nina ombi jingine. Leo usizungumzie maua."

"Hata kidogo?"

"Hujui kidogo wewe. Mchumba wangu siku ile ulimweleza habari za chavua mpaka chakula kikapoa, akala kwa adabu tu. Mama yake ni mtu wa heshima zake. Ongea mambo ya kawaida. Niahidi, Baba."

Fundi Saa alimtazama mwanawe. Alikuwa amejipaka wanja jicho moja, la pili bado. Akaahidi. Akaenda bafuni, akatandaza karatasi nyeupe kwenye ubao wa dirisha na kukung'utia juu yake kile kitunda. Ilishuka poda ya rangi ya siagi, nyepesi hata pumzi ingeipeperusha. Akaiacha pale itulie. Mlango akaufunga taratibu kama wa chumba cha mzazi.

*

Kijana anayemposa Mwalimu alikuwa fundi umeme, mpole, wa kucheka kwa mabega. Mama yake alikuwa mjane aliyestaafu kazi ya umatroni wa bweni la wasichana, na Matroni ndilo jina lililobaki. Alikuwa mwanamke mnene aliyenyooka, kitambaa cheupe daima mkononi. Alipokaribishwa kiti alipitisha kidole chini ya ukingo wa meza, akakitazama, akatabasamu kwa kuridhika. Hakuwa na dharau hata chembe. Ni kwamba maisha yake yote alikagua vitanda, masanduku na makwapa ya watoto wa watu, na mkono ukishazoea haustaafu.

Chakula kilikwenda vizuri. Msusi alisifiwa kwa nyama iliyolainika. Fundi Saa aliongea mambo ya kawaida, yaani alisema mvua zimechelewa, na baadaye akasema tena kwamba mvua zimechelewa. Fundi Umeme alimwonea huruma akamuuliza habari za saa.

"Samahanini," Matroni alisema akiinuka, "naomba kunawa. Bafu liko wapi?"

Fundi Saa aliinuka nusu. "Kuna..."

Jicho la binti yake lilimkuta hewani.

"Kuna maji ya moto," akamalizia, akakaa.

Matroni alikawia. Bomba lilisikika likifunguliwa na kufungwa. Fundi Saa alihesabu vigae vya sakafuni, akapotea, akaanza upya. Mwishowe mgeni alitokea akikausha vidole kimoja kimoja, uso unang'aa kama wa mtu aliyetenda wema kwa siri na hawezi kuinyamazia siri hiyo.

"Mkwe mwenzangu," alimwambia Msusi, "nimekupunguzia kazi. Mwenye saluni hana muda, najua. Pale dirishani palikuwa na karatasi imejaa vumbi, lile la manjano la msimu. Nimelipangusa lote, na ubao nimeufuta."

Msusi aliinamisha macho kwenye sahani. Alikuwa ameamka alfajiri kusugua nyumba ile, na sasa ilikuwa imetangazwa mezani kwamba ina vumbi. Hakuna mwanamke asiyejua kisu hicho kinavyokata. Lakini hakupata nafasi ya kulijibu hilo, maana mumewe alikuwa ameshafika bafuni, na kutoka huko kilisikika kilio.

Alirudi ameshika karatasi iliyolowa, safi kabisa.

"Umeniulia watoto!"

"Baba!"

"Watoto wangu wote! Mikono gani hii isiyoweza kutulia? Umekuja kula au umekuja kukagua? Wote umewaua, wote!"

Matroni alisimama wima mahali pake. Hakuelewa habari ya mbegu, wala hakuna aliyemweleza. Alichosikia ni neno moja.

"Mimi," alisema polepole, "nimelea watoto wa watu tangu nikiwa msichana. Wameugua mikononi mwangu, nimekesha nao, wakapona. Hajafa hata mmoja. Leo nyumba ya kuoa mwanangu ndiyo inaniita muuaji." Akageuka. "Mwanangu, nipe mkoba wangu."

Fundi Umeme alibaki katikati ya chumba kama nguzo iliyokatwa waya. Alimtazama Mwalimu, akamtazama mama yake, akauchukua mkoba.

*

Hasira hasara, na hasara ya kwanza ilikuwa mvuke. Mwalimu hakumgombeza baba yake. Alianza tu kuoga maji baridi, mlango wa bafu wa kuelekea ukumbini ameuacha wazi, pazia tu ndilo limemsitiri, mpaka upepo ukapiga okidi zote. Msusi naye akatangaza kwamba yeye sasa anaogea saluni. Fundi Saa akawa anaingia kuoga asubuhi, mchana na jioni ili nyumba ipate unyevu, ngozi ikamkunjamana vidoleni, na hakuna aliyemuuliza kulikoni.

Mabaki ya mbegu yaliyong'ang'ania ndani ya ganda aliyakwangua kwa sindano ya saa, akayapanda kwenye chupa zake. Chupa zikaota ukungu mweupe, ukawa wa kijani, ukawa mweusi. Mke Mwenza akabakiwa na majani mawili, kisha moja. Fundi Saa aliacha kumtazama. Alimmwagia maji kwa mazoea huku ameangalia kando, kama mtu anayempitia mdai wake.

Mtaa ulishapata habari. Mchana mmoja alipompelekea mkewe chakula saluni, mteja mmoja mwenye kichwa nusu kimesukwa alisimama akaweka mkono kifuani.

"Shemeji, pole na msiba. Tumesikia umefiwa na watoto wengi kwa mpigo."

"Tuchange sanda?" mwingine akaitikia chini ya kikausha nywele. "Au ya vumbi inatosha leso?"

Saluni nzima ililipuka. Hata Msusi mabega yalimcheza. Fundi Saa aliweka bakuli juu ya vitana akataka kutoka, lakini mkewe alimfuata mpaka nje, kitana kimebaki kwenye nywele zake mwenyewe.

"Wewe wanakucheka, yanaisha. Mimi wananiuliza kama kweli nyumba yangu imejaa vumbi. Na hilo nalo nimelimeza." Alishusha sauti. "Lakini mwanao humwoni? Amekonda. Simu ya yule kijana ikilia anatoka nje kuipokea, akirudi macho mekundu. Mama mtu amesema hataki kusikia habari za nyumba yetu. Umelilia watoto wa kwenye karatasi, mume wangu, na wa damu yako yuko pale anaoga maji baridi."

 Fundi Saa alitembea mpaka nyumbani, akasimama ukumbini. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni akikata herufi za karatasi za kuwafundishia watoto, mkasi unakata na machozi yanamshuka taratibu, wala hakuwa na habari kwamba anatazamwa. Fundi Saa aliona aibu. Hakuingia. Akageuka vile vile alivyo na kandambili zake, akaenda kwa Matroni.

*

Kwa Matroni sakafu iling'aa hata mtu akaogopa kuitolea kivuli chake. Fundi Saa alivua kandambili nje, akazipanga sambamba.

"Karibu," Matroni alisema, bila tabasamu. "Kaa."

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yametawanyika. "Nimekuja kuomba radhi, mkwe."

"Kwa lipi?"

"Kwa... yale."

"Yale yepi? Bwenini kwangu msichana hakuomba radhi kwa 'yale'. Alilitaja kosa kwa jina lake, ndipo nikajua amelielewa."

 Fundi Saa alijiona amerudi darasani, kaptula fupi. "Naomba radhi kwa kukuita muuaji. Mezani kwangu, mbele ya mwanao, na wewe ulikuwa unanisaidia."

"Na jingine?"

"Kuna jingine?"

"Huwa lipo."

Alifikiri. "Nilikuona unakwenda bafuni, na nilijua kilichoko mle, nikanyamaza. Lile vumbi lilikuwa mbegu za maua. Ningesema neno moja tu, yote yasingetokea."

"Na mbona hukulisema?"

"Niliahidi kutozungumzia maua."

"Ulimwahidi nani?"

"Mwanangu. Na mama yake alikubaliana naye."

Kitambaa cheupe cha Matroni kilipanda taratibu mpaka mdomoni. "Yaani walikukataza kuongea ndani ya nyumba yako?"

"Kuhusu maua tu."

"Na una jambo gani jingine la kuongea?"

Fundi Saa alitafakari kwa uaminifu. "Mvua," alisema.

Hapo Matroni alishindwa. Alicheka mpaka kiti kikalia, akajifuta macho kwa kitambaa, akacheka tena. Naye Fundi Saa, ambaye hakuwa amecheka tangu kitunda kipasuke, alicheka kwa sababu ya kicheko chake.

"Basi na mimi nilitaje langu," Matroni alisema alipotulia. "Nyumba ya watu haipanguswi bila kuuliza. Nimemwaibisha mkwe mwenzangu na sikukusudia. Na kile kitambaa, sikukisuuza kwenye sinki lenu, nilichelea kulichafua. Nilikikamulia kwenye kikopo kile chenye kamea kanakotaka kufa. Nikasema, walau kanywe."

"Hakuna neno," Fundi Saa alisema, na kweli hakuwaza lolote. Vitabu vyote vilisema mbegu nje ya chupa ni mbegu iliyopotea.

"Nitakuja tena. Ila safari hiyo unieleze hayo maua yako mwanzo mpaka mwisho. Mtu hawezi kukiheshimu asichokijua."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni, mlango wa bafu ulilia ka! bila Fundi Saa kuufunga mwenyewe, na mvuke ukapita chini yake. Mwalimu alikuwa ndani, anaimba wimbo wa chekechea wa kunawa mikono.

*

Matroni hakuja upesi. Fundi Umeme alipata kazi ya kuvuta nyaya mbali na mji, na posa haiendi bila mposaji. Mvua zilizochelewa zikaja, zikaisha. Kijana aliporudi, ameungua jua na ana haraka ya kuoa, siku ikapangwa.

Safari hii Msusi mwenyewe ndiye aliyesema, "Leo ongea. Ongea mpaka uchoke."

Akaongea. Alieleza habari za mizizi inayokunywa hewa, za ua linalomdanganya mdudu, za mbegu isiyobeba chakula. Chakula kikapoa, na Matroni akawa anauliza maswali, tena ya maana, mpaka Mwalimu akasema, "Sasa basi, Baba," na hakuna aliyemsikiliza. Mwishowe mgeni akataka kuyaona kwa macho. Wote watano wakasongamana bafuni, Fundi Umeme ameingia ndani ya beseni la kuogea kwa kukosa nafasi.

"Huyu ndiye Mke Mwenza," Fundi Saa alisema, akimpa Matroni lenzi. "Mtazame upesi. Hana siku."

Matroni alibana lenzi jichoni kama aliyezaliwa nayo. Alilitazama jani lile moja, akashuka kwenye gome, akashuka tena mpaka ukingoni mwa kikopo. Uso ulimbadilika. Mkono wa kushoto, wenyewe bila kutumwa, ulianza kutoa kitambaa.

"Mkwe, hapa kuna uchafu. Umeota kama ukungu, wa kijani, vidoti vidoti. Ngoja nikutolee mara moja..."

"Usiguse!"

Walipiga kelele wote wanne kwa pamoja. Kitambaa kikabaki hewani. Fundi Saa alichukua lenzi. Akainama.

Vilikuwa vidoti kweli, vya kijani kibichi, vimemzunguka Mke Mwenza shinani kwenye mizizi yake ya zamani. Vingine mviringo kama shanga. Vingine vilikuwa vimechongoka juu, na kwenye kile kikubwa kuliko vyote ncha hiyo ilikuwa imefunguka ikawa jani. Hakuna ukungu duniani unaotoa jani. Mbegu hazikuhitaji presha wala rojo ya ndizi, zilihitaji kurudishwa kwa mama yao, ambaye mizizi yake ina ukungu mwema wa kuzilisha, na aliyezirudisha alikuwa amezikamua kutoka kwenye kitambaa.

Fundi Saa alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Wameota," alisema.  "Mkwe, ulisema kweli. Hajafa hata mmoja mikononi mwako."

Matroni, aliyekesha na watoto wa watu bila kulia mbele yao, alitafuta kitambaa chake akakuta amekishika. "Sasa mnalia nini nyote?" alifoka. "Tokeni, mnawamalizia hewa."

*

Harusi ilipita na kelele zake. Mwalimu akahamia kwa mumewe, nyumba ile ya sakafu inayong'aa. Mke Mwenza aliliangusha jani lake la mwisho wakati watoto wameshashika mizizi, na Msusi ndiye aliyemtoa kikoponi, kwa vidole viwili, kwa heshima. Miche ilipofika ukubwa wa ukucha, Fundi Saa aliigawa sawa kwa sawa akampelekea Matroni nusu yake, kila mmoja ndani ya kifuniko cha chupa.

"Mimi sijawahi kuotesha hata kunde," Matroni alilalamika, akivipokea kwa mikono miwili.

Haukupita muda, simu ikalia. Alikuwa Mwalimu, na alikuwa ananong'ona.

"Baba, umetuletea nini humu ndani?"

"Kwani kuna nini, mwanangu?"

"Nimepigwa marufuku kupangusa dirisha la bafu. Vumbi limejaa, nikishika kitambaa tu ananikemea. Mume wangu kaoga maji baridi jana, kasemwa mpaka leo. Tunaoga maji ya moto kwa zamu, mlango umefungwa, na hatutoki mpaka yeye agonge."

Nyuma yake, mbali kidogo, ilisikika sauti ya Matroni ikiuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Kisha ka!

Fundi Saa aliweka simu kwenye sikio la pili, ili Msusi naye asogee asikie, na wote wawili wakacheka mpaka binti yao akakata.